Nzi husogeza macho: masahihisho yaliyochelewa

Najua nimekuwa kimya. Kazi za wateja zilinilemea, halafu wiki iliyopita stima ilitusumbua hapa Buruburu mpaka nikawa naandika programu kwa kalamu na daftari. Leo sina habari za simu mpya wala programu mpya. Nataka kukiri kosa, kisha niwasimulie historia ambayo ningeijua mapema nisingelifanya. Mambo yenyewe ni ya jicho la nzi.

Mwaka 2010 binti wa jirani yetu alikuwa kidato cha 2. Alitakiwa kuandaa mradi wa sayansi, na kwa kuwa mtaa mzima unajua mimi ni mtu wa kompyuta, mama yake akamtuma kwangu. Alikuja na daftari lake na jambo aliloliona mwenyewe. Kwenye ua wa kayaba wa nyumba yao alikuwa amemkuta vunjajungu. Ndani ya jicho la yule mdudu mlikuwa na kidoti cheusi, na kila binti alipohama kushoto au kulia, kidoti kilimfuata. Akaandika: macho ya wadudu husogea.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikaifuta ile sentensi.

Sababu nilikuwa nayo. Jicho la mdudu ni mkusanyiko wa vijicho vingi, kila kimoja na lenzi yake, na kila kimoja kinaangalia upande wake. Vile vinavyokuelekea wewe humeza mwanga unaotoka upande wako, kwa hiyo unaviona vyeusi. Ukihama, vijicho vingine ndivyo vinavyokuelekea, navyo vinageuka vyeusi. Hicho kidoti ni mboni bandia. Hakuna kilichosogea isipokuwa wewe. Nilimweleza hivyo, akaelewa, na mpaka hapo nilikuwa sahihi.

Kisha nikavuka mpaka. Nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba hakuna mdudu anayesogeza macho, maana lenzi zake ni sehemu ya ganda la kichwa, kama vioo vilivyojengewa ukutani. Mdudu akitaka kuangalia kwingine, nikasema, hugeuza kichwa. “Sawa, anko,” akasema, akaandika nilivyosema. Nikamwandikia na programu: kamera ndogo ya kompyuta, juu ya picha natandaza vyumba 800 vya pembe sita, kila chumba rangi moja, na hicho ndicho nzi wa matunda anachokiona. Picha iliyotoka ilikuwa matope matupu. Tulicheka sana tulipomtazama paka wao kwa macho ya nzi.

Binti huyo sasa ni mtu mzima, anaishi Kayole, na ni mwalimu wa bayolojia. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe pamoja na utafiti aliokuwa ameupata mtandaoni. Ujumbe ulikuwa na maneno machache: “Anko, nzi wana misuli ya macho. Nimewafundisha watoto vile ulivyoniambia, kidato baada ya kidato.” Hakuniwekea hata kikatuni cha kucheka. Nilisoma usiku ule mpaka saa nane.

Sasa twende kwenye historia.

Mtu wa kwanza kutuchorea jicho la nzi vizuri ni Mwingereza Robert Hooke, katika kitabu chake Micrographia cha mwaka 1665. Alichora kichwa cha nzi mmoja mkubwa ukurasa mzima, akahesabu lenzi za macho yote mawili, akapata karibu 14,000. Tangu hapo watu walijua jicho hili si kama letu. Mwaka 1826 Mjerumani Johannes Müller akaeleza kwamba kila kijicho huleta kipande kimoja kidogo cha mandhari, na vipande vikipangwa pamoja vinakuwa picha moja. Kwa lugha yetu ya leo, kila kijicho ni pikseli moja.

Tatizo ni kwamba pikseli zenyewe ni chache. Nzi wa nyumbani, yule anayetua kwenye chai yako, ana vijicho kama 3,000 kwa kila jicho. Nzi wa matunda, kale kadogo kanakozunguka ndizi zilizoiva sana kibandani kwa mama mboga, ana kama 750 au 800. (Usimchanganye na yule mkubwa anayetoboa maembe na kuwatia hasara wakulima. Huyo naye huitwa nzi wa matunda, lakini ni ukoo mwingine.) Nyosha mkono mbele yako na usimamishe vidole vitatu vya katikati: eneo wanalofunika ndilo pikseli moja ya nzi huyu mdogo, yapata nyuzi 5. Simu ya bei rahisi kabisa pale mtaani inamshinda mbali.

Kwa nini asiongezewe lenzi? Kwa sababu lenzi ikiwa ndogo mno, mwanga unatawanyika unapopita na picha inafifia. Kwa hiyo kuona vizuri kunataka lenzi kubwa, na lenzi kubwa nyingi zinataka kichwa kikubwa. Kuno Kirschfeld, mtafiti wa Ujerumani, alipiga hesabu mwaka 1976: mtu akitaka kuona kama anavyoona sasa lakini kwa jicho la aina ya nzi, kila jicho lingekuwa na kipenyo cha mita 1 hivi. Hebu jione unapanda matatu ya Jogoo Road na macho mawili makubwa kuliko matairi yake. Kondakta angekulipisha viti vitatu.

Basi hiyo ndiyo picha iliyokaa vichwani mwa watu: ganda gumu, lenzi zisizosogea, pikseli chache. Kila kipande cha picha hiyo ni kweli. Kosa liko kwenye hatua moja ndogo inayofuata, ile niliyoiruka mwaka 2010: kwamba kwa kuwa lenzi hazisogei, basi jicho halisogei. Sisi watu wa kompyuta tulipaswa kuwa wa mwisho kukosea hapo. Kamera ina lenzi mbele na bapa la kupokea mwanga nyuma. Ukilisogeza lile bapa kidogo huku lenzi imetulia, kamera inaangalia kwingine. Simu kadhaa za siku hizi hufanya hivyo hasa ili mkono ukitetemeka picha isiharibike.

Nyuma ya lenzi za nzi iko retina, tabaka la seli zinazopokea mwanga. Nayo haikugandishwa.

Mwaka 1970 Waingereza wawili, Burtt na Patterson, walichapisha katika jarida la Nature taarifa fupi kuhusu msuli ulio ndani ya jicho la mdudu. Patterson aliendelea kuuchunguza kwa nzi wale wa rangi ya buluu wanaopenda nyama. Mwaka uliofuata, 1971, Roland Hengstenberg wa Tübingen, Ujerumani, akatoa makala ndefu kuhusu misuli ya macho ya nzi wa nyumbani. Alionyesha kwamba kila jicho lina msuli mwembamba ulioshika ukingo wa retina, na kwamba neva yake hupiga midundo iliyopangana sawasawa kama saa ya ukutani. Midundo ikibadilika, msuli hukaza au hulegea, na retina inahama kidogo chini ya lenzi zake.

Tübingen haikuwa mahali pa kubahatisha. Mjini humo ndiko Werner Reichardt, pamoja na rafiki yake wa tangu wakati wa vita Bernhard Hassenstein, walikoanzisha mwaka 1958 kikundi cha kumtazama mdudu kama mashine ya kupokea na kuchakata taarifa. Miaka miwili kabla yake, 1956, walikuwa wametoa hesabu ya jinsi mdudu anavyotambua kwamba kitu kinakwenda kulia au kushoto: unachukua vijicho viwili jirani, unachelewesha kidogo ishara ya kimoja, unazidisha na ya mwenzake. Ni mistari michache tu ya kodi (si ile ya nyumba, hiyo ni mingi). Kamera nyingi na roboti nyingi zimewahi kuiazima.

Sasa jambo linaloniuma. Mwaka uleule wa 1971, katika jarida lilelile la Kybernetik na hata juzuu ileile, Nicolas Franceschini na yule Kirschfeld wa mita 1 walichapisha makala kuhusu mboni bandia ya nzi wa matunda. Ndiyo, mboni bandia, kidoti cha binti wa jirani! Wao walionyesha kwamba ukiitazama kwa darubini na mwanga uliopangwa vizuri, mboni hiyo ya uongo inakuonyesha seli za ndani za jicho zikiwa zimekuzwa, na mdudu yu hai. Maana yake ni hii: ukimshika nzi asitikisike, nawe ukatulia, halafu mboni bandia ikasogea, basi retina ndiyo iliyosogea. Kidoti nilichomwambia mtoto kwamba ni udanganyifu tu ndicho kilichokuja kuwa chombo cha kuona ukweli wenyewe.

Mbona basi habari haikuenea? Nimejaribu kuipima kwa haki. Kwanza, mwendo wa retina ni mdogo, nyuzi chache tu, wakati kichwa cha nzi kinazunguka kwa kasi kubwa na kila mtu anakiona. Ukiwa na gari, nani ahangaike na baiskeli? Pili, makala ya Hengstenberg ilikuwa ya Kijerumani. Tatu, naamini mimi, wazo la “jicho lisilosogea” linafaa sana kufundishia. Ni safi, linaingia kwenye mtihani, na kila anayeandika kitabu analinakili kwa mwenzake. Nimeona hitilafu za programu zikiishi miaka kumi kwa njia hiyohiyo: iliripotiwa, mtu akaandika “si hitilafu”, faili ikafungwa.

Franceschini hakufunga faili. Alihamia Marseille, Ufaransa, na katika miaka ya 1990 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba retina ya nzi wa nyumbani hupita huku na huku, yapata mara 5 kwa sekunde, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Kwa nini apapase? Hapa watu wa programu tuamke. Pikseli iliyotulia juu ya ukingo wa kitu inakupa namba moja tu. Pikseli inayopita juu ya ukingo huohuo inakupa namba inayopanda au kushuka kwa wakati, na ukijua mwendo wako mwenyewe, unajua ukingo uko wapi ndani ya pikseli. Uhaba wa nafasi unalipwa kwa muda.

Hawakuishia kwenye maneno. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Stéphane Viollet na Franceschini walijenga roboti ndogo iitwayo OSCAR, gramu 100 hivi, yenye panga mbili na jicho linalotikisika. Jicho hilo lilikuwa na pikseli 2. Sikukosea kuandika, ni mbili! Ikaweza kukaza uso wake kwenye ukingo wa kitu cheusi na kukifuata kilipohamishwa, kwa usahihi ulioshinda mbali nafasi iliyo kati ya pikseli zake. Mimi mwaka 2010 nilikuwa na pikseli 800 na nikatengeneza matope.

Nisimame kidogo hapa nyumbani, maana wengine mmeanza kusema haya ni mambo ya Ulaya. Jicho ambalo lenzi yake imetulia na retina inasogea lilikuwa linajulikana hata kabla ya nzi. Mwaka 1969 Michael Land alieleza macho makuu ya buibui mrukaji, yule mfupi anayekutazama kutoka ukutani kama anayekudai. Lenzi zake zimeshikana na ganda, lakini nyuma yake kuna mrija wenye retina, unaosogezwa na misuli sita kwa kila jicho. Na buibui mrukaji aliye maarufu sana katika sayansi ni wa kwetu, wa kando ya Ziwa Victoria. Huko Mbita kuna kituo cha ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 ambayo makao yake makuu yako hapa Nairobi, Kasarani. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi Mbita walimweleza buibui aitwaye Evarcha culicivora, aliyepewa jina hilo mwaka 2003. Anapenda kula mbu jike walioshiba damu, na anaweza kuwachagua mbu wa malaria kati ya wengine kwa kuwatazama tu wanavyokaa. Ubongo wa ukubwa wa kichwa cha pini, retina inayopapasa, na anatofautisha mbu na mbu.

Na yule nzi wa matunda wa maabara naye si mgeni. Asili yake ni Afrika. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba porini kusini mwa Afrika bado anaishi kwenye misitu, akifuata matunda ya mng'ongo. Kutoka huko akaambatana na binadamu hadi kwenye kila jikoni duniani. Thomas Hunt Morgan alimpata mmoja mwenye macho meupe huko New York mwaka 1910, na sayansi ya urithi ikapiga hatua kubwa kwa sababu ya jicho hilo. Zaidi ya miaka 100 jicho lake limekuwa mezani pa wataalamu.

Ndiyo maana utafiti alionitumia mwalimu wangu wa Kayole ulinishangaza. Ulichapishwa katika Nature mwaka 2022, na Lisa Fenk, Gaby Maimon na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Nzi wa matunda, wanaeleza, ana misuli miwili chini ya kila retina. Mandhari ikisogea polepole mbele yake, retina inaifuata taratibu, kisha inaruka kurudi mahali pake, kama macho yako unapotazama nguzo za stima ukiwa dirishani mwa basi la Mombasa. Na nzi anapovuka pengo kwa miguu, retina zake mbili husogea pamoja, moja huku na nyingine kule, jinsi macho yetu yanavyokaribiana tunapotazama kitu kilicho karibu. Walipozivuruga neva zinazoendesha misuli hiyo, uvukaji nao ukabadilika. Kwa hiyo msuli si mabaki yasiyo na kazi. Nzi anautumia anapotaka kujua aweke mguu wapi.

Kuna jambo lingine ambalo lisichanganywe na hili. Mwaka 2012 Roger Hardie na Kristian Franze wa Cambridge walionyesha kwamba seli za mwanga za nzi zenyewe hujikunyata kidogo mwanga unapozipiga, bila msuli wowote. Ni mitikisiko miwili tofauti ndani ya jicho moja. Nilipomweleza mwalimu hili alinijibu, “Anko, moja baada ya nyingine tafadhali, mtihani uko karibu.”

Nimeiandika upya ile programu, na wiki ijayo anaipeleka darasani. Vyumba ni vilevile 800, sikuongeza hata kimoja. Tofauti ni kwamba sasa mtandazo wote unahama nusu chumba kushoto, nusu kulia, na programu inakumbuka kila chumba kilibadilikaje. Niseme wazi kwamba nzi hashoni picha kichwani kama programu yangu inavyofanya. Yeye anahitaji kingo na mwendo tu, mimi nahitaji kitu cha kuwaonyesha watoto kwenye kioo. Ramani ya ubongo mzima wa nzi jike, neva zaidi ya 139,000, ilitolewa bure mwaka 2024, na anayetaka kufuata nyaya za kweli anaweza kuifungua kwa kivinjari cha kawaida. Ni usiku mwingi wa kupotea humo, nawaonya.

Jana nilielekeza kamera kwenye dirisha la sebule. Mtandazo ukiwa umetulia, nondo za dirisha hazikuwepo kabisa, kulikuwa na mwangaza wa kijivu tu. Nikabonyeza mtikisiko. Nondo zikatokea, zote sita, na nyuma yake ukaonekana mstari wa paa la jirani. Nikampigia simu mwalimu, nikageuza kompyuta aone. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama daftari lake la kidato cha 2 bado liko kwangu. Liko. Nimelitoa kwenye sanduku, na ile sentensi iliyofutwa kwa kalamu nyekundu bado inasomeka.